Blanketi la Kaka

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema kuku akitaga nje ya kiota, nitamtafuta aliyemshawishi. Kwa hiyo kaka yangu alipoanza kugawa vitu vyake pale kijijini kwetu Nanyala, miaka ile ya Mwingereza, nilijua mara moja kuna jambo. Nililikosea jambo lenyewe tu.

Mkewe alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto naye hakuishi. Miezi mitatu kaka hakusema zaidi ya salamu. Kisha ghafla akachangamka. Akampa mjomba jembe lake jipya, mimi akaniletea mbegu zake zote za ulezi, akanishukuru kwa mambo ya zamani niliyokwisha kuyasahau. Nikajiambia: huyu anatorokea ng'ambo ya Tunduma, kwenye migodi ya shaba, aniachie mama mgonjwa. Wanaume wetu ndivyo walivyokuwa wakiaga. Nikawa namfuata kisimani, nachungulia uani kwake, nawauliza wapita njia kama ameulizia lori. Hasira ilinijaa hata salamu yake sikuijibu.

Ndipo nikamwona jirani, mchana kweupe, blanketi la kaka mabegani.

"Kanipa mwenyewe," alisema. "Kasema halihitaji tena."

Ilikuwa majira ya baridi. Mwanamume wa kwetu aliyekwenda migodini angeweza kusahau viatu, si blanketi. Na mbegu? Aendaye migodini huziacha nyumbani na kusema, "Nikirudi tutapanda." Kaka hakusema nikirudi. Basi alikuwa anakwenda wapi?

Nilimkuta ameketi kizingitini. Kwetu neno lile halikutamkwa, watu waliamini ukilitaja umeliita. Nililitaja.

"Kaka, unataka kujiua?"

"Nani kakwambia?"

"Blanketi."

Akalia. Niliogopa sana, na niliona haya kwa siku zote nilizomnunia. Sikumwambia ajikaze. Nilikaa pale nikamsikiliza akisimulia habari za mkewe, mtoto, usingizi uliomkimbia, kisha nikapaza sauti kumwita mjomba. Tuliondoa nyumbani kila kilichoweza kumdhuru, tukapokezana kukaa naye, na mjomba akawa anampeleka kwa mganga wa misheni ya Mbozi. Hata kisimani hakwenda peke yake.

"Mnanilinda kama mwizi," alilalamika.

"Ndiyo," nikamjibu. "Sikuamini hata kidogo."

Wiki zikapita hivyo. Akila, nahesabu matonge. Akicheka, nauliza anacheka nini.

Asubuhi moja nikasikia kelele kwa jirani, nikatoka mbio. Kaka alikuwa ameshika ncha moja ya blanketi, jirani kang'ang'ania ya pili.

"Ulinipa mwenyewe!"

"Nirudishie, mwenzio naona baridi!"

Jirani alikuwa na haki yake, nakiri. Lakini nilishika upande wa kaka, tukavuta.