Gemu Hairithiwi Mwenyewe Akiwa Hai

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi sokoni Magunga. Alikuwa amemaliza nusu ya kichwa changu alipoanza kubishana na mwenzake wa kiti cha pili kuhusu gemu fulani ya mapigano. Aliyeitunga amefukuzwa na kampuni, na sehemu mpya inatengenezwa na mtu mwingine.

"Bila mwenyewe, hiyo gemu imekwisha," kinyozi wangu alisema, mashine ikinguruma hewani.

"Wacha hizo! Mwenyewe alishaishiwa. Anayejua kazi aendelee."

Mama aliyekuwa akingoja simu yake ijae chaji akauliza, "Kwani huyo mwenyewe amekufa?"

"Hapana, mama. Yuko tu."

"Basi mnarithi nini? Huku kwetu mke harithiwi kama bwana yuko hai. Ngojeni kwanza azikwe!"

Mimi, bingwa wa kutoa maoni, nikasema kazi ni kazi, mkono wowote unaweza kuimalizia. Kinyozi wangu alinitazama kwenye kioo, akaweka mashine chini, akavua aproni, akatoka.

Mwenzake akaichukua mashine, akaipuliza, akanijia akitabasamu. "Nimalizie?"

Nilikishika kichwa kwa mikono miwili. "Usiniguse! Mwenyewe yuko hai, namwona hapo nje anakunywa soda!"

Mama akapiga makofi. "Yawa, jamani! Mke amekataa kurithiwa!"

Kuhusu ile gemu, nimebadilisha msimamo. Aliyeianza aimalize, hata kama ameishiwa.