Nilimpima Ndama wa Mama Kulwa

“Mwanangu, huyu dume atakua zaidi, au nimpeleke mnadani?” Mama Kulwa aliniuliza zizini kwake, Mwamkulu. Sikujua, lakini shahada yangu ya mifugo haipendi kukaa kimya. Mimi ninayehoji kila kitu sikuuliza umri, sikuangalia meno, wala sikujiuliza kwa nini amebaki nyumbani wenzake wakiwa malishoni. Nilizungusha utepe kifuani na kulinganisha na vipimo vya ng'ombe wa asili waliokomaa. Vikalingana kabisa.

“Huyu ni wa mbegu ndogo, mama. Hakui tena.”

Alinyong'onyea. Alitamani awe dume la kupanda majike yake. Akamwita dalali.

Kamba ilikuwa tayari shingoni kundi liliporudi. Dume langu lililokomaa likachomoka, likapiga magoti chini ya mama yake, likaanza kunyonya.

“Dada mtaalamu,” dalali akaangua kicheko, “babu yako ana njaa!”

“Kumbe ulimpima kama mkubwa?” Mama Kulwa alifungua kamba huku akicheka mpaka machozi.

Baadaye sana nilijifunza kwamba ndama wa mbegu kubwa anaweza kulingana kifua na ng'ombe wa mbegu ndogo aliyekomaa, na bado ana miaka ya kukua.