Gari la Pili la Saburi

Laurensia alipotoka nje ya nyumba yake pale Kongowe kumwonyesha mteja gari, alikuta miguu tu. Kiwiliwili kilikuwa chini ya gari, na ile miguu ilivaa viatu vya ofisini vilivyopigwa kiwi. Mwalimu huyo mstaafu hakuhitaji kuuliza. Siku hizi mtu akilala chini ya gari lisilo lake, sisi watu wa Kibaha tunajua anatafuta nini: masega, lile dude la kwenye bomba la moshi ambalo kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje, na ambalo lina wanunuzi wake wasiouliza maswali. Laurensia akasema kwa sauti ya darasani, "Baba, toka chini ya gari langu kabla sijaita watu."

Saburi akatoka, mgongo wa shati umejaa vumbi. Akamwamkia shikamoo. Hakuitikiwa.

Na yule mama usimlaumu. Saburi hakuwa mwizi, lakini habari za masega alizijua vizuri kuliko alivyopenda, na yote yalianzia kwenye gari lake la kwanza.

Saburi ni karani wa serikali hapa Kibaha, anaishi Mkuza, mzaliwa wa Vihingo kule Kisarawe. Mtu mpole, hana makuu. Ila kwa gari, jamani, alikuwa na ulimbukeni wa kutosha. Alipokwenda kulinunua aliangalia rangi, akaangalia rimu, akajaribu redio. Moshi nani anauangalia? Alipopiga honi getini mkewe Rukaya alitoka na vigelegele, na Zawadi, mtoto wao wa pekee, akapanda siti ya mbele akagoma kushuka hata kula.

Haikupita muda, fundi Rama akamwambia gari linabanwa, halivuti. Tuyatoe masega, litakuwa jepesi, na chenji utapata. Kila mtu anatoa. Hapo Rama hakusema uongo, maana hapa kwetu ukimwuliza mwenye gari kama masega yake yapo, atakucheka. Saburi akakubali. Jioni ile, kwa chenji hiyo, alirudi nyumbani na kitanda kipya kimefungwa juu ya gari, akamwita mwanawe akamwambia, "Mwanangu, gari limekununulia kitanda." Zawadi alikitangaza kitanda hicho mtaa mzima.

Wakakiweka chini ya dirisha, mtoto apate hewa. Saburi naye alikuwa na mtindo wake aliofundishwa shule ya udereva: akirudi jioni anaingiza gari kinyumenyume, ili asubuhi atoke moja kwa moja. Alfajiri analiwasha, analiacha likinguruma lipate moto, yeye anarudi ndani kunywa chai. Raha ilikuwa hapo, majirani wasikie kwamba kwa Saburi kuna gari. Sasa panga mwenyewe: nyuma ya gari, dirisha, kitanda, mtoto aliyelala. Sote tulipita pale kila siku na hakuna aliyepanga.

Kifua kilipomwanza Zawadi, walilaumu vumbi, wakatoa zulia. Wakamlaumu paka, naye masikini akapelekwa kwa watu. Rukaya akaacha kuchoma udi. Kuna waliosema ni jicho la watu, gari limewauma majirani, akaitwa mzee kusoma dua. Dua haina ubaya, lakini alfajiri iliyofuata gari liliwashwa palepale. Mtoto alikaa kitandani kashika magoti, anaivuta pumzi kwa mabega, na baba yake akawa anamkimbiza hospitali kwa gari lilelile, njia nzima anamshukuru Mungu kwamba wana usafiri.

Siku moja daktari wa zamu, mwanamke, alimvua Zawadi sweta ili amsikilize kifua. Akalinusa lile sweta. Akauliza gari la nyumbani linawashiwa wapi. Hakugomba; alieleza taratibu kwamba moshi wa gari unaweza kumwamshia mtoto pumu, na unaomfikia akiwa amelala hana pa kuukimbia. Saburi alieleza habari ya dirisha. Alipofika kwenye masega, aliyatoa maneno moja moja. Rukaya, aliyempakata mtoto, alimtazama mumewe, kisha akatazama ukuta. Saburi angependa atukanwe.

Zawadi akapelekwa Vihingo kwa bibi yake, mama yake Saburi. Bi Siwema, mtu mzima wa watu, aliposikia tu habari ya moshi alihamisha mafiga yake yote mpaka nyuma kabisa ya mihogo, akawa anapika huko juani bila kulalamika. Mtoto akapumua. Akanenepa. Saburi alikwenda kumwona akiwa na gari, akaliacha linanguruma huku anashusha mchele na sukari, na Zawadi aliyekuwa anakimbia kumpokea akasimama katikati ya uwanja, akaanza kukohoa. Toka siku ile Saburi aliliacha gari mbali, akawa anamalizia kwa miguu. Na mtoto toka siku ile akiona gari lolote anavuta mtandio, anaziba pua.

Rukaya alichosema kilikuwa kifupi: mwanawe harudi Mkuza mpaka lile gari liondoke. Saburi akaliuza. Alimwambia mnunuzi ukweli kwamba masega hayapo, na mnunuzi akamshukuru kwa kumpunguzia kazi. Hilo nalo lilimkaa Saburi rohoni, kwa sababu yule bwana alikuja na wanawe wawili.

Basi akaanza kutafuta gari la pili. Shemeji yake Mashaka alimshauri achukue gari kubwa la dizeli, la kiume, linalopanda kilima bila kuomba. Saburi alikwenda kulitazama. Likawashwa, likatoa moshi mweusi ukafunika kuku wa watu, na Mashaka akasema huo ndio ukali wa injini. Saburi akaondoka bila kuuliza bei. Kila alikokwenda baada ya hapo alilala chini kwanza, na kila gari lilikuwa limeshang'olewa, bomba limeungwa kwa kuchomelea. Wengine walimdhania dalali wa masega, wakamnong'oneza kwamba wanayo ya kumuuzia. Wengine walimfukuza. Hakuna aliyemwelewa. Mwanawe alikuwa anakua mbali naye, na hilo ndilo lililompeleka Kongowe akalala kwenye vumbi na shati la kazini.

Sasa alisimama mbele ya Laurensia, anajikung'uta. "Mama, sitafuti masega ya kuuza," alisema. "Ya kwangu niliyauza. Mwanangu akaugua."

Laurensia akaeleza kwamba fundi wake naye aliyataka sana, akamkatalia. Wala si kwamba alijua kazi yake. Hapendi tu mtu anayechomoa kitu kwenye chombo chake halafu anamwambia hakina maana. Akamtazama Saburi kichwani mpaka viatuni.

"Marahaba," akasema.

Akaliwasha. Kilikuwa kigari kidogo cha petroli, rangi imepauka, mlango mmoja umekwaruzwa na geti. Saburi akashika leso yake nyeupe nyuma ya bomba, akasubiri. Ilitoka na unyevu kidogo, weupe wake uleule. Hakuangalia rimu, na kama lilikuwa na redio hakuna aliyemweleza.

Jumamosi akapitia Mlandizi mpaka Vihingo. Safari hii alilileta hadi uwanjani, akalizima kabla hajafungua mlango. Zawadi akatoka ndani, akaliona, mtandio ukapanda puani. Nyuma yake Bi Siwema alikuwa na kifurushi cha nguo, machozi yakimlenga. Saburi akamwambia mwanawe hili ni jipya, mama yake anamsubiri, twende nyumbani.

Zawadi akalizunguka gari taratibu. Akarudi, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, na hili litaninunulia nini?"

Bi Siwema akacheka kidogo, akidhani ni tamaa za kitoto. Saburi hakucheka. Alichuchumaa, akaushika mkono wa mtoto.

"Halitakununulia kitu, mama," akamwambia. "Litakurudisha tu nyumbani."

Zawadi akafikiri. Kisha akapanda, safari hii siti ya nyuma, mtandio ungali puani, akashusha kioo mpaka chini. Saburi hakumwambia autoe.