Karoti za Jumatatu

Jumatano mchana nilitapika karoti nilizokula Jumatatu.

Sitanii. Vipande vilevile vya mviringo, kana kwamba mama mkwe amevikata muda huohuo.

Jamani, tumbo linalotunza chakula siku mbili si tumbo tena, ni stoo.

Mume wangu alikuwa mlangoni mwa bafu. Alivitazama vile vipande, kisha akamgeukia mama yake, maana tangu aje kukaa nasi yeye ndiye aliyekuwa akitupikia.

"Mama, unamwekea nini mke wangu kwenye chakula?"

Mama mkwe hakujibu. Aliniangalia mimi, akaniangalia weee, halafu akaenda kufungasha nguo zake. Jua halijazama, ameshaondoka.

Na mimi nilinyamaza kimya. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Kutwa napima viuno vya watu, nikirudi nyumbani najipima changu, nalia. Mteja mmoja akaniuzia sindano za kupunguza mwili. Nikawa najichoma kila wiki kwa siri. Nilipoona mwili haupungui upesi, nikaongeza dozi kwa akili zangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilishuku ni zile sindano. Ila kumwambia mume kwamba najidunga dawa za uchochoroni niliona aibu kuliko kufa.

Ijumaa hata maji hayakukaa tumboni. Nikafikishwa hospitali macho yameingia ndani, najua kabisa ndiyo basi tena. Daktari akamwomba mume wangu atoke nje, akaniuliza natumia nini.

Nikasema yote.

Akanieleza kwamba mtu akila, utumbo hutoa homoni za kuliambia tumbo lipunguze mwendo, lisishushe chakula chote kwa mkupuo. Homoni hizo huisha nguvu upesi, tumbo likaendelea na kazi. Sindano yangu inaiga homoni mojawapo, lakini yenyewe haiishi upesi. Wiki nzima inatoa amri ileile. Nami nilizidisha, tumbo likasimama karibu kabisa.

Mume wangu nilimwambia mwenyewe, dripu ikiwa mkononi. Hakunifokea. Alikaa chini, akashika kichwa.

"Nimemfukuza mama yangu," akasema.

Niliporuhusiwa tu, tulimfuata kwa wifi yangu. Nikapiga magoti, nikaanza kumweleza habari za sindano. Akanikatiza. Alishazikuta zamani kwenye pipa la taka la bafuni.

Nikamuuliza, "Sasa mama, mbona hukujitetea?"

"Nilijua ni za kuzuia mimba," akasema. "Mwenzio kila siku anaimba mtoto. Nikasema kama hutaki, una sababu zako. Ningefungua mdomo angekuacha."

Nililia hadi sauti ikakauka.

Dada zangu, kama kuna dawa unatumia, sema. Mimi niliionea aibu sindano, mama wa watu akakubali kushukiwa ananilisha sumu ili nisiachwe.