Wageni wa Babu Ndani ya Sanduku la Kioo

Juzi nilikwenda Mlandege kutafuta balbu ya taa, nikapita mbele ya kiduka kilichopanga matangi ya vioo yenye samaki wa mapambo. Sikuwa na haja ya samaki. Nilisimama tu kwa uvivu wangu wa utu uzima, nikiwatazama wale wekundu na wale wa rangi ya dhahabu, mara mchanga wa chini ya tangi moja ukajitingisha na pua ndefu ikachomoza. Mkono wangu ulikuwa umegusa kioo. Niliurudisha ndani ya buibui kwa haraka hata kijana muuzaji akacheka. "Usiogope bibi, hawang'ati hao." Nikamwambia, "Nawajua hao tangu kabla baba yako hajazaliwa." Nikaondoka, balbu nimeisahau.

Na wewe cheka ukitaka, lakini ngoja nikuhadithie.

Nililelewa na bibi na babu, wazazi wa mama yangu, katika nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, miaka ya hamsini. Mama aliolewa mara ya pili akahamia Pemba, mimi nikabaki kwa bibi. Babu alikuwa ametumikia meli za Ziwa Tanganyika ujana wake wote. Alipoacha kazi alirudi Unguja na kifua kibovu na debe lenye mikunga wawili wa ziwani, wale samaki warefu kama nyoka. Alisafiri nao kwa treni toka Kigoma, kisha kwa meli, akiwabadilishia maji kila alipoliona bomba. Fundi wa madirisha akamtengenezea sanduku la kioo lenye fremu ya chuma na kifuniko cha ubao, likawekwa chumba cha chini, kile chenye mlango wa barabarani ambamo babu akiwapokea wanaume wenzake kwa kahawa.

Hawakuwa samaki wa kupendeza, tusidanganyane. Walikuwa wembamba na warefu, rangi ya matope, na mgongoni wana safu ya vijimiba vilivyolala. Pua zao zilichongoka na zilikuwa zikichezacheza kama zina akili yake mbali. Mchana kutwa walijizika mchangani, ukaona pua na vijicho tu. Baada ya Magharibi babu alikwenda uani, akachimba nyungunyungu kwenye mitungi mibovu aliyopandia bibi mrehani, akawaosha, kisha akaingiza mkono majini na kusubiri. Hakuwatupia hata siku moja. Alisema ukiwatupia hawali, chakula kinaoza, maji yananuka, nao wanakufa. Lazima kwanza wauamini mkono.

Mimi nikitazama kutoka mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Bibi yeye hata mlangoni hakufika. Alipiga kelele toka juu, "Mzee, nyoka wako washakula? Basi njoo ule na wewe!" Na jirani yetu, mama wa mlango wa pili, alikuwa akisema chunusi, wale mashetani wanaozamisha watu baharini, wakiwa wadogo ndivyo walivyo. Babu nilimpenda, lakini jirani ndiye niliyemwamini.

Masika moja kifua kikamzidi babu, akafariki. Nyumba ikajaa watu na moshi wa ubani. Kwetu ilikuwa desturi, mtu akifiwa na mumewe vioo vyote hufunikwa, kwa kuwa mwenye eda hajitazami. Wanawake wakapita chumba kwa chumba wakivifunika. Walipofika kwenye sanduku la babu wakasita, mpaka jirani akasema, "Kioo ni kioo." Wakauondoa ule ubao, kwani waliona nguo inatosha, wakalitandika kaniki nyeusi mpaka sakafuni. Bibi akavishwa nyeupe, akaanza eda yake ghorofani. Samaki hakuna aliyewakumbuka.

Matanga yalipoanuliwa nikarudi chuoni kusoma Kurani. Mwalimu wetu alikuwa mpole wa sauti na mkali wa fimbo ya henzirani. Siku ile alituhadithia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga na hakumpa chakula wala hakumwacha akajitafutia. Wiki za nyuma alikuwa ametufundisha maswali ambayo malaika humwuliza maiti kaburini. Mambo hayo mawili nikayaunga mwenyewe kichwani, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ambayo mpaka leo sijapata mfano wake. Nilimwona babu kaburini, kwenye mwanandani wake, na kifua chake kile, anaulizwa: wale uliowafunga ndani ya kioo, wamekula nini?

Nilikimbia njia nzima. Bibi nilimkuta amekaa juu ya msala na tasbihi mkononi.

"Bibi, babu ataulizwa wale samaki?"

Aliiweka tasbihi chini. Kisha akashika shavu. "Yarabi, tumewasahau! Viumbe wa watu, amana ile." Akanitazama. "Mie siwezi kushuka chumba kile, mlango uko njiani, wanaume wanapita. Utakwenda wewe."

"Nnaogopa."

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani, kwa kuwa babu aliniita mke wake. "Tumefiwa sote wawili, lakini wewe mke mdogo eda hukukalishwa. Nenda kawalishe wageni wa mumeo."

Utani ule siku nyingine ungenichekesha.

Nilichimba nyungunyungu, nikawaosha, nikashuka na kandili. Chumba kilikuwa kinanuka kahawa iliyolala na maji yaliyofungiwa. Nilipoinua pindo la kaniki niliona giza tu. Nikasema bismillahi, nikatia mkono. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Kitambo hakikutokea kitu, nikawa nalia huku mkono umo ndani, nikijua nikiutoa babu ndiye atakayeadhibiwa. Mara kitu laini kikanigusa kidole, kikanusa, kikarudi, kisha nyungunyungu akavutwa. Nilipiga ukelele ulionifanya mwenyewe niruke, miba ya mgongo wake ikanikwaruza.

"Kala?" bibi aliuliza toka juu.

"Kala!"

"Na wa pili?"

Tangu siku hiyo kila jioni ilikuwa vile. Bibi alikaa juu ya ngazi akinisomea Ayatul Kursi kwa sauti nipate moyo, mpaka jirani akaja kumwambia kuwa sauti ya mwenye eda inasikika njiani, si vizuri. Basi bibi akavua mtalawanda wake mmoja, kile kiatu cha mti, akawa anagonga sakafu, ko, ko, ko, muda wote niliokuwa nimo chumbani. Maadamu anagonga, mimi nilijua sijachukuliwa na chunusi. Hofu haikupungua, usidhani. Lakini samaki walikula, na usiku nilimwona babu kaburini mwake amelala bila ya kuulizwa.

Sasa fikiria jioni niliyoinua kaniki pua ikaja moja tu.

Nilingoja. Nyungunyungu wa pili akanifia kidoleni. Nikapapasa mchanga wote, kona kwa kona, nikakuta mawe. Ndipo nikalitazama pindo la kaniki lililokuwa limeangukia majini, nikaona limelowa mpaka juu ya ukingo, na nje yake limelowa mpaka chini. Miguu yangu ilikuwa mitupu. Yule aliyekuwa ndani ya maji sasa yuko nje na mimi, gizani, nami sijui yuko wapi.

"Bibi! Mmoja hayumo! Katoka!"

Mtalawanda ukanyamaza. Nikasikia ngazi zinalia, taratibu, hatua moja baada ya nyingine, na bibi akatokea mlangoni na nguo zake nyeupe. Akakimbilia mlango wa barabarani akautia komeo. Akachukua kandili mkononi mwangu, na mwanga ukaanza kurukaruka ukutani kote. Nilidhani ni upepo. Halafu nikamtazama uso. Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu, alikuwa amekaukwa na midomo na anatokwa na jasho masika yale yenye baridi.

Akapiga magoti akapapasa chini ya kiti cha babu. Akamtoa. Alikuwa mkavu, amegandwa na vumbi, amekufa. Bibi alimfunga kwenye upindo wa nguo yake nyeupe, na mimi nikaanza kulia kilio chote nilichokuwa sijakilia siku ya maziko. "Babu ataulizwa! Ataulizwa, Bibi!"

"Hebu nyamaza unisikilize." "Yule paka alifungwa akafa njaa. Huyu alikuwa ameshiba kwa mkono wako, na hatukumfunga vya kutosha. Hilo ni langu na wale wenzangu waliouondoa ubao, si la babu yako." Kisha, bila ya kunipa nafasi ya kujibu, akapandisha mkono wa nguo, akachukua nyungunyungu kwenye kifuu, akafumba macho na kutia mkono majini kando ya wangu. Vidole vyake vilinikamata. Tulikaa vile, tumeshikana, mpaka yule aliyebaki akaja akala.

Ubao ukarudishwa mahali pake usiku huohuo. Jirani alipolisikia hilo la kushuka alisema maneno mengi, bibi akamjibu kwamba komeo lilitiwa, na Mungu anaona. Kila jioni akawa anashuka na kutia komeo. Hakuzoea kamwe. Kila siku alifumba macho.

Eda ilipokwisha, wanawake walimkogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamfukiza udi, wakangoja aseme atakwenda kumzuru nani kwanza. Alisema anakwenda Mwera. Tulipanda gari la shamba na debe la yule mkunga miguuni, tukashuka mpaka mtoni, akaliinamisha kwenye maji. Yule mkunga alikaa kidogo juu ya mchanga, pua inacheza, kisha akaingia chini ya mizizi.

"Sasa babu keshapumzika?" nikamuuliza.

"Babu yako alipumzika tangu siku ile ulipotia mkono majini, Inshallah," akasema, akaketi chini na kanga yake mpya. "Mie ndiyo kwanza leo."

Nyumba ile ya Kiponda imekwisha. Upande wa ghorofani ulianguka, na chumba cha chini kinauza vinyago na fulana kwa watalii. Vioo sioni tena watu wakivifunika, na watoto wa siku hizi hawajui mtalawanda ni kitu gani. Bibi mwenyewe nilimzika nikiwa nina watoto wangu. Hayo yote niliyatarajia, ndiyo dunia. Nisilolitarajia ni kuikosa ile hofu. Nilikuwa nikiomba usiku na mchana iniondokee, na sikujua kuwa itaondoka na mtu wa kuogopa pamoja naye. Siku hizi nikiogopa, naogopa peke yangu.