Jiwe la Mama Kwenye Foleni

Juzi kijana mmoja alinisomea hadithi yake: mtu anachoshwa na Dar ya leo, anaingia kwenye mashine ya kurudisha wakati nyuma na kukimbilia enzi za Ujamaa, watu walipopendana. Ilinikasirisha.

Nimewahi kuishi huko. Nje ya duka la ushirika, Temeke, palinuka mafuta ya taa. Kina mama walipanga mawe kushika nafasi kwenye foleni ya sukari, na Mama akaweka figa moja la jikoni kwetu. Nilidhani amelisahau. Niliwaamkia waliokaa kivulini, nikalibeba.

“Marahaba, mwanangu,” waliitikia, wakinitazama nikiondoka nalo kwenda nyumbani.

Lori la sukari lilipofika, nafasi yetu haikuwepo.

“Mama Salome, jiwe lako limeota miguu?” jirani alimkejeli, na foleni ikacheka.

“Jamani, mdogo wake Salome ana homa. Ni sukari ya uji tu,” Mama alisihi.

“Wetu wanakula mchanga? Nenda nyuma!”

Sukari iliisha kabla hatujafika. Mdogo wangu aliutema uji.

Mashine hiyo ningeipanda mara moja tu: nilirudishe jiwe kabla ya lori, kisha niondoke bila kumpa shikamoo hata mmoja wa wale waliokaa kivulini.