Vibuyu vya Nasieku Vilikuwa Safi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile ambayo maziwa yalikataa kuganda. Yalikuwa yamekaa kibuyuni siku nne, tena wakati wa joto, pale Olbalbal. Mama yangu, ambaye sote tulimwita Yeyo, aliyamimina kwenye kikombe mbele ya wanawake wa boma. Yakatoka mepesi, kama yaliyokamuliwa saa ile. Akaonja, akatema. Yalikuwa machungu. Kisha akamgeukia Nasieku, mke wa kaka yangu, na kila mwanamke aliyekuwapo akamgeukia pia.

Mwanangu, nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu.

Nirudi nyuma kidogo unielewe. Mwaka ule nilikuwa nimetoka Karatu, nilikofanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo. Nilifagia, nikabeba maboksi, na taratibu nikajifunza kusoma vibandiko vya chupa. Mwenye duka alikuwa mama mmoja kutoka Machame, mkali wa kazi lakini mcheshi. Nilipomuaga alinipa bomba la sindano na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, akaninyooshea kidole usoni.

“Siku saba, kijana. Ng'ombe ukishamchoma, maziwa yake yanamwagwa siku saba.”

Nikamwambia kwetu ni kiangazi, mama yangu hatakubali kumwaga maziwa.

“Basi atakumwaga wewe,” akasema, akacheka, akarudi kwa wateja wake.

Nyumbani nilikuta ng'ombe watatu tu wa kukamuliwa. Waliobaki walikuwa na kaka yangu, amewapeleka milimani kutafuta majani. Hao watatu wote walikuwa wanakohoa. Nikawachoma. Siku ya pili kikohozi kilipungua, na majirani wakaanza kuniita daktari. Jina hilo lilinilevya, sikufichi. Yeyo akaniuliza kama maziwa yanafaa kunywewa. Nikamjibu kwamba yanafaa. Niliwaza kwamba daktari anayeilaza nyumba na njaa si daktari, na kwamba siku saba ni masharti ya watu wa mjini wenye duka la maziwa kila kona. Kikohozi kiliporudi, nikachoma tena.

Sasa uelewe desturi yetu. Maziwa ni ya wanawake. Mwanamume hagusi kibuyu wala haulizi kinavyosafishwa. Mke huwasha kijiti cha mzeituni mwitu, akakiingiza kibuyuni kikiwa kaa la moto, akasugua ndani mpaka kuta ziwe nyeusi na zinukie moshi, kisha akapangusa kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Mgeni akinywa maziwa yako anajua wewe ni mwanamke wa namna gani. Kwa hiyo maziwa yakiharibika, hakuna anayemchunguza ng'ombe. Watu huchunguza mkono uliosafisha.

“Hiki umekisafisha kwa nini, kwa mate?” Yeyo alimuuliza Nasieku siku ile. Wanawake wawili wakacheka.

“Yeyo, nimekichoma mara mbili.”

“Basi choma mara ya tatu.”

Akachoma. Nilimwona akiwa amepiga magoti katikati ya moshi, akikohoa kuliko wale ng'ombe, kiganja kimetoka malengelenge. Maziwa yaliyofuata yakawa vilevile. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi mtu aliniita daktari.

Wiki ya pili Yeyo alivikusanya vibuyu vyote vinne vya Nasieku, akampa dada yangu mdogo. Hakupiga kelele. Hakuhitaji. Kwetu, kumnyang'anya mke vibuyu ni kumwambia kwamba hapa wewe ni mpita njia. Kaka aliposhuka kutoka milimani alikuta habari imeshafika maboma yote, kwamba mkewe ni mchafu. Waligombana siku mbili. Siku ya tatu Nasieku akambeba mgongoni mtoto wao wa miaka miwili, akaondoka kwenda kwa baba yake, upande wa Wasso.

Alinikuta langoni. Akasimama.

“Shemeji, wewe umesoma. Maziwa haya yana nini?”

Nikasema, “Sijui.”

Siku hizohizo dawa ikaniishia. Yeyo aliomba maziwa mgando kidogo kwa jirani, akayatia kwenye vibuyu, na baada ya siku chache yakaanza kuganda vizuri mikononi mwa dada yangu. Ushahidi dhidi ya Nasieku ukakamilika. Hata kaka aliamini. Hakumfuata.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya wafugaji pale Karatu, ofisa mifugo alitueleza jambo ambalo mama wa Machame alikuwa amelifupisha kwa maneno mawili. Alisema maziwa hayajigandishi yenyewe. Ndani ya kuta za kibuyu wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hula sukari ya maziwa na kutoa ule uchachu tunaoupenda, na uchachu huo huwazuia wadudu waozeshaji wasizaliane. Dawa ya sindano hupita kwenye damu ya ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, na ikifika kibuyuni haichagui. Huua wale wema pia. Wabaya wachache wanaosalimika hupata nafasi ya kufanya watakalo, na ndiyo maana maziwa huwa machungu. Tena, alisema, mtu anayekunywa dawa hiyo kidogo kidogo anawafundisha wadudu wa mwilini mwake kuizoea, na siku akiugua dawa inaweza isimsaidie. Niliandika yote kwenye daftari.

Nilipanda basi kwenda Wasso. Nasieku alikuwa na kibanda cha chai karibu na stendi. Hakunikaribisha kukaa. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama: sindano, siku saba, uongo niliomwambia Yeyo, na uongo niliomwambia yeye langoni. Alisikiliza huku akiosha vikombe.

“Yeyo ulimwambia?” akauliza.

Nikamwambia Yeyo alifariki kabla sijamwambia.

“Na kaka yako?”

Naye pia alikuwa amefariki.

Akakipangusa kikombe kimoja, akakiweka chini. “Basi umemwambia mtu pekee aliyekuwa anajua. Mimi tangu zamani nilijua vibuyu vyangu ni safi. Waliotakiwa kusikia wamekufa wakiamini ulichowaachia.”

Sijawahi kukemewa namna ile. Aliniuliza kama nataka chai. Nikasema hapana, akasema vizuri, maana basi langu linakaribia kuondoka.

Mwanangu, siku hizi sindano imo kwenye kila boma, na wewe unaisoma chupa vizuri kuliko nilivyosoma mimi. Basi soma mpaka mstari wa mwisho, ule wa siku za kumwaga maziwa, na umwambie anayekamua kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Kama ni njaa, mlale njaa mkijua sababu. Na ukimwona mtu anabebeshwa kosa lako, sema siku hiyohiyo, angali yupo wa kukusikia. Ukweli uliochelewa nilioupeleka mimi haukumrudishia Nasieku nyumba yake, wala jina lake kwa watu waliomtukana. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe ng'ombe wenye afya na watoto wenye afya kuliko wao, na wanawake wa nyumba yako wasijue aibu isiyo yao.

Kuna jambo moja sikumwambia Nasieku. Nikiwa kibandani alikuja kijana mrefu kuchukua birika, na mama yake akamgusa bega la kulia kabla ya kumsemesha. Ni yule mtoto. Baadaye nilimuuliza jirani wa kibanda. Alisema mwaka ule walipohamia, mtoto alitoka usaha sikioni, dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili nayo ikashindwa, na ya tatu ilipokubali sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. Nimemuuliza ofisa mifugo, nimemuuliza na mganga wa zahanati. Wote wawili wamenijibu kwamba inawezekana ni yale maziwa aliyokunywa kwetu yaliyozifanya dawa zishindwe, na inawezekana si hayo, kwa kuwa hakuna kipimo kilichofanywa wakati ule.